Fanani Mmoja au Wengi? Ushirikiano wa Wachezaji katika Michezo ya Video ya Kisimulizi kwa Mtazamo wa Fasihi Simulizi ya Meru na Embu

Ikisiri

Makala haya yanajadili iwapo michezo ya video inayoendeshwa na hadithi, na ambamo mchezaji huvaa uhusika, inafaa kuruhusu wachezaji wawili au zaidi kuicheza hadithi hiyo kwa pamoja. Swali hili limezoeleka kujadiliwa kama jambo la kiteknolojia au la kibiashara. Hapa linachukuliwa kuwa swali la kifasihi, kwa sababu linahusu fanani, hadhira na umiliki wa hadithi. Mifano ya masimulizi imetolewa katika jamii za Wameru na Waembu, hususan kisakale cha Mbwaa na kile cha Mwenendega. Makala yanahitimisha kwamba ushirikiano unafaa pale ambapo hadithi yenyewe imejengwa juu ya uamuzi wa wengi, na kwamba haufai kulazimishwa pale ambapo kiini cha hadithi ni siri au mgogoro wa nafsi.

1.0 Utangulizi

Katika miji ya Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu na Maua, kama ilivyo katika miji mingine mingi ya Kenya, vipo vibanda vidogo vyenye televisheni na mashine za kuchezea michezo ya video. Vijana huingia humo, wakalipia mchezo mmoja au muda fulani, wakacheza. Mchezo unaotamba zaidi ni wa kandanda. Wanaoshika vidhibiti ni wawili, lakini wanaotazama ni wengi, nao hawakai kimya. Hushauri, hukejeli, hushangilia, hubashiri mwisho, na kila mmoja husubiri zamu yake. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atakayesimama mlangoni kwa dakika chache atatambua kwamba hiyo ni hadhira tendi, ile ile ambayo vitabu vyetu huieleza kwa kurejelea moto wa jikoni na bibi mtambaji wa ngano.

Hata hivyo, hadhira hiyo imekusanyika mbele ya mpira, si mbele ya hadithi. Michezo yenye visa virefu, wahusika wenye historia zao na maamuzi mazito haikai vizuri katika mazingira hayo, kwa kuwa mingi imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeketi peke yake kwa makumi ya saa. Kwa sababu hiyo, swali la iwapo michezo hiyo iruhusu uchezaji wa pamoja lina uzito wa pekee kwetu. Jibu lake ndilo litakaloamua, kwa sehemu kubwa, iwapo hadithi itapata nafasi katika mkusanyiko wa vijana wetu au itabaki burudani ya yule mwenye chumba, mashine na umeme wake mwenyewe.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Katika makala haya, mchezo wa uhusika ni mchezo wa video ambamo mchezaji huchukua nafasi ya mhusika ndani ya hadithi, humjenga mhusika huyo kwa maneno na matendo, na hufanya maamuzi yanayoathiri mkondo wa matukio. Uchezaji pekee ni hali ambapo mtu mmoja tu ndiye anayeendesha hadithi. Wahusika wengine wote huendeshwa na programu. Uchezaji shirikishi ni hali ambapo wachezaji wawili au zaidi huingia katika hadithi moja wakiwa upande mmoja, ama wakiwa wameketi mbele ya skrini moja, ama wakiwa mbalimbali na kuunganishwa na intaneti. Ni muhimu kutochanganya uchezaji shirikishi na uchezaji wa kushindana. Lengo la uchezaji wa kushindana ni kumshinda mwenzako. La uchezaji shirikishi ni kufika naye.

3.0 Msingi wa Nadharia

Wataalamu wa fasihi simulizi wamesisitiza kwa muda mrefu kwamba matini peke yake si fasihi simulizi. Finnegan (1970) na Okpewho (1992) wameuweka utendaji katikati ya uchambuzi wao. Mulokozi (1989) anaiona fasihi simulizi kuwa tukio ambamo fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati huingiliana. Kiungo kimoja kikiondolewa, tukio hubadilika. Ngano iliyoandikwa kitabuni na kusomwa na mtu mmoja kitandani ina thamani yake, lakini si tukio lile lile tena.

Njogu (2004), katika uchunguzi wake wa ushairi wa kujibizana wa Kiswahili na gĩcandĩ cha Wagĩkũyũ, anatupa hatua nyingine ya kufikiria. Anaonyesha kwamba maana huweza kuzalishwa baina ya watu wawili wanaopokezana kauli, wala si lazima itoke katika kichwa cha mtunzi mmoja. Naye Ong (1982) anazungumzia usimulizi mpya unaozaliwa na vyombo vya kielektroniki, usimulizi unaowarudisha watu katika kundi lakini ukiegemea maandishi na mitambo.

Kutokana na mawazo haya, makala yanauliza maswali matatu kuhusu kila mchezo wa uhusika. Je, fanani ni nani? Je, hadhira iko wapi? Na je, wakati wachezaji wanapotofautiana, kauli ya nani ndiyo inayosimama?

4.0 Chimbuko la Michezo ya Uhusika

Wapo wanaoudhani uchezaji shirikishi kuwa nyongeza iliyopachikwa juu ya sanaa ambayo kiasili ni ya mtu mmoja. Historia inaonyesha kinyume. Mchezo wa "Dungeons & Dragons", uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ulichezwa mezani kwa karatasi, dadu na midomo. Mtu mmoja aliisimulia dunia ya hadithi na kuendesha viumbe wake. Wengine walisema wahusika wao wanafanya nini. Kwa istilahi zetu, yule msimulizi alikuwa fanani na wale wengine walikuwa hadhira tendi iliyopewa uwezo wa kubadilisha kisa. Ulikuwa utambaji wa jioni, uliowekewa kanuni.

Kompyuta ndiyo iliyompunguza msimulizi na kuwatawanya wasikilizaji. Programu ilichukua nafasi ya fanani, na mtu mmoja akabaki kuwa hadhira nzima. Hata hivyo, watunzi hawakusahau asili. "Baldur's Gate", mchezo wa kampuni ya BioWare ya Kanada uliotoka mwaka 1998, uliruhusu hadi wachezaji 6 katika hadithi moja. Mwaka 2002, kampuni hiyo hiyo ilitoa "Neverwinter Nights", ambamo mtu mmoja aliweza kuingia si kama mhusika bali kama msimulizi, akiwaongoza wenzake na kubadilisha matukio wanapoendelea. Kwa hivyo, anayetetea ushirikiano haombi jambo geni. Anaomba sanaa hii irejee barazani ilikotoka.

5.0 Hoja za Wanaopinga Uchezaji Shirikishi

Pamoja na historia hiyo, wanaopinga wana hoja nzito, na mhakiki mwaminifu hana budi kuzipima.

Hoja ya kwanza ni ya undani wa nafsi. Kuna hadithi zinazoishi ndani ya kichwa cha mtu mmoja. "Disco Elysium" wa mwaka 2019 ni mfano bora. Mhusika mkuu ni mpelelezi aliyepoteza kumbukumbu, na sehemu kubwa ya mazungumzo ni baina yake na sauti za akili yake mwenyewe. Kumtia mchezaji wa pili humo ni sawa na kumtia mtu wa pili ndani ya uzungumzi nafsia. Mbinu yenyewe ingekufa. Fasihi ya Kiswahili inazo kazi za aina hiyo. Riwaya ya Kezilahabi "Nagona" (1990) haiwezi kugawanywa kwa wasafiri wanne bila ya kuvunjika.

Hoja ya pili ni ya mwendo. Katika masimulizi ya maandishi, msomaji huchagua kasi yake. Mchezaji mmoja hupenda kusoma kila barua anayoiokota. Mwenzake anataka kuendelea na safari. Wakiunganishwa, mara nyingi anayekwenda haraka ndiye anayeshinda, na hadithi inageuka kuwa msururu wa kazi za kutumwa. Isitoshe, mmoja akikosa kufika, hadithi ya wote inasimama.

Hoja ya tatu ni ya kulazimishwa. Mwaka 2012, BioWare ilitoa "Mass Effect 3" yenye kisa cha mchezaji mmoja na, kando yake, sehemu ya mapigano ya ushirikiano. Kiwango cha utayari ambacho mchezaji alikipata katika sehemu hiyo ya pili kilichangia mwisho wa hadithi. Wapenzi wengi wa hadithi walilalamika kwamba walikuwa wakisukumwa kuingia katika mapigano ya mtandaoni ili wapate mwisho kamili. Nyongeza iliyotolewa Juni mwaka huo huo ilipunguza kiwango kilichohitajika. Kosa hapa si ushirikiano wenyewe. Kosa ni kwamba ushirikiano haukuwa sehemu ya hadithi. Ulikuwa ushuru uliowekwa mlangoni.

Hoja ya nne ni ya gharama. "Baldur's Gate 3", wa kampuni ya Larian ya Ubelgiji, ulitoka mwaka 2023 ukiruhusu wachezaji hadi 4, na wawili wakiwa mbele ya skrini moja iliyogawanywa. Kugawanya skrini kulielemea mashine ya Xbox Series S kiasi kwamba toleo la Xbox lilichelewa hadi Desemba 2023, na Series S ililipokea bila uwezo huo. Uwezo huo uliongezwa Aprili 2025. Ikiwa kampuni kubwa ilihangaika hivyo, je, kikundi cha vijana watano wa Chuka au Meru kitaweza? Swali hili tutalirejea.

6.0 Nani Asemaye? Tatizo la Kauli ya Pamoja

Ugumu mkubwa wa kifasihi katika uchezaji shirikishi hautokei katika mapigano, bali katika mazungumzo. Mhusika wa hadithi anawauliza wachezaji: mtamsamehe msaliti au mtamwadhibu? Mmoja anataka msamaha, mwingine adhabu. Watunzi wamejibu kwa njia tofauti, na kila njia ina falsafa ndani yake.

Katika "Star Wars: The Old Republic" (2011), kila mchezaji huchagua jibu lake, kisha nasibu, mithili ya dadu, huamua ni jibu la nani litakalosemwa. Katika "Divinity: Original Sin" (2014), wachezaji wawili wanaotofautiana hupambana kwa mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi na mkasi. Katika "Baldur's Gate 3", aliyeanzisha mazungumzo ndiye mwenye kauli. Wenzake wanaweza kusikiliza na kuonyesha jibu wanalolipendelea, lakini uamuzi ni wake.

Njia ya kwanza huiachia bahati. Ya pili huigeuza tofauti ya maadili kuwa ushindani wa vidole. Ya tatu humteua fanani wa muda na kuwafanya wenzake kuwa hadhira yenye ushauri. Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, njia ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na desturi zetu za utambaji, ambapo mtambaji ana kauli ya mwisho lakini hawezi kuwapuuza waitikiaji wake, kwani wakiacha kuitikia, utambaji umekwisha.

Hata hivyo, ipo njia ya nne ambayo michezo hii haijaitumia ipasavyo, nayo ni ya baraza: kuzungumza hadi makubaliano yapatikane. Wameru wanao mfano hai, yaani Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo makao yake ya jadi yako Nchiru, Tigania. Tusiitukuze njia hii kupita kiasi. Baraza hilo ni la wazee wanaume, na makubaliano yanayofikiwa bila wanawake na vijana hayawezi kuitwa makubaliano ya wote. Mtunzi atakayeiga baraza hana budi kuuliza ni nani aliyeachwa nje. Lakini swali hilo lenyewe ni la kifasihi, na mchezo wa uhusika unaweza kuliweka mikononi mwa wachezaji kwa namna ambayo kitabu hakiwezi.

7.0 Visakale Viwili vya Mlima Kenya

7.1 Kisakale cha Mbwaa

Masimulizi ya Wameru, yaliyochunguzwa na wanahistoria kama Fadiman (1993), yanaeleza kwamba mababu waliishi mahali paitwapo Mbwaa, ng'ambo ya maji, na wapo wanaopahusisha na kisiwa cha Manda katika Pwani ya Kenya. Huko walitawaliwa kwa ukatili na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa majaribu wakiwatishia kuwaangamiza wakishindwa. Idadi na mpangilio wa majaribu hutofautiana kutoka kwa msimulizi mmoja hadi mwingine, lakini yapo yanayojirudia: walete kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili; walete mbwa mwenye pembe; walitoe tunda lililotumbukia katika shimo refu.

Majibu yake yanaonyesha akili ya jamii ya wafugaji na wawindaji. Ngozi ya lambi, ile inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, ndiyo yenye manyoya pande zote. Pembe za mnyama mdogo wa porini zilibandikwa kichwani mwa mbwa. Shimo lilijazwa maji hadi tunda likaelea. Hatimaye walitakiwa kutengeneza mkuki wa kufika mawinguni. Jaribu hilo halikuwa na jibu, na hapo ndipo walipoamua kutoroka, wakiongozwa na Koomenjwe, hadi wakayavuka maji. Kutokana na wakati wa kuvuka, koo ziligawanyika: waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi, waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu, waliovuka jua likiwa limechomoza wakawa Njeru, weupe.

Tukikitazama kisakale hiki kwa jicho la mtunzi wa michezo, tunaona kwamba muundo wake ni wa ushirikiano tangu mwanzo. Majaribu ni mafumbo yanayohitaji ujuzi tofauti: mchinjaji anaijua lambi, mwindaji anazijua pembe, mchota maji analijua shimo. Mchezaji mmoja akipewa ujuzi wote huo, jaribu hupungua uzito, kwa kuwa hakuna wa kumsadikisha. Wachezaji watatu wakigawana ujuzi, kila mmoja akijua jambo ambalo wenzake hawalijui, italazimu wazungumze. Aidha, jaribu la mwisho linafundisha jambo adimu katika michezo ya video: kwamba kuna jaribu ambalo hekima yake ni kutolijaribu. Kundi ndilo linalopaswa kutambua hivyo, na kulitambua kwa mjadala. Na mwisho wa hadithi hauwapi wachezaji ushindi wa aina moja; kila mmoja huvuka kwa wakati wake na kupata utambulisho wake, lakini wote wamo ng'ambo moja.

Tahadhari inahitajika. Mbwaa si kisa cha kubuni kwa Wameru wengi. Ni kumbukumbu ya chimbuko lao. Anayetaka kukifanya mchezo hana budi kuwashirikisha wenye masimulizi, na kuuacha uwezekano wa matoleo tofauti badala ya kuchagua moja na kuliita sahihi.

7.2 Kisakale cha Mwenendega

Waembu wanasimulia kwamba Ngai alimuumba Mwenendega na kumpa mke mrembo kando ya maporomoko ya Mbui Njeru, karibu na Runyenjes, naye akaitwa Ciurunji. Wakabarikiwa mali na uzao, na uzao wao ukaienea nchi ya Embu. Chesaina (1997) ametufungulia mlango wa fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere kwa ujumla, na kazi yake ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kuichunguza.

Kisakale hiki ni cha namna nyingine. Hakuna baraza wala kundi linalosafiri. Kuna watu wawili, maji, na fumbo la asili ya mmoja wao. Mtunzi anaweza kukifanya mchezo wa watu wawili, mmoja akiwa Mwenendega na mwingine Ciurunji. Lakini je, fumbo la Ciurunji litabaki fumbo iwapo rafiki yako ameketi ubavuni akiujua moyo wake wote? Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kisakale kama hiki kingefaa zaidi uchezaji pekee, mchezaji akiwa upande mmoja na hadithi ikiushikilia upande wa pili. Ni jambo la kutiliwa maanani kwamba "Aurion: Legacy of the Kori-Odan", mchezo wa uhusika uliotungwa Yaoundé na kampuni ya Kiro'o Games ya Kamerun na kutolewa mwaka 2016, nao una mume na mke katikati ya kisa, Enzo na Erine. Waafrika tayari tumeanza kuziandika hadithi zetu katika chombo hiki.

Visakale hivi viwili, vya jamii jirani zilizo kwenye miteremko ya mlima mmoja, vinatuonyesha kwamba jibu la swali letu haliwezi kuwa moja kwa michezo yote. Hadithi yenyewe ndiyo inayodai idadi ya wachezaji wake.

7.3 Fundisho kutoka Pwani

Huenda mtu akasema kwamba hadithi za shujaa mmoja, kama ile ya Fumo Liyongo, hazina nafasi ya ushirikiano. Tukumbuke jinsi Liyongo alivyotoroka gerezani. Ujumbe wake wa mafumbo ulipelekwa na mjakazi Saada. Mama yake akaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi waliudharau. Na watu waliokuja kucheza gungu wakapiga ala na kuimba kwa kelele zilizofunika sauti ya tupa ikikereza pingu. Shujaa ni mmoja, lakini ukombozi ni wa wengi, na baadhi yao hawakujua kwamba wanashiriki. Kumbe mchezo shirikishi si lazima uwape wachezaji wote nguvu sawa au ukweli sawa. Mmoja anaweza kuwa Liyongo asiyeweza kutoka, mwingine Saada anayetembea bila kuelewa fumbo alilobeba, wa tatu mama anayelifumbua. Usawa wa wachezaji hauhitaji ufanano wa nafasi zao.

8.0 Ushirikiano na Lugha

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Michezo mingi ya uhusika inayofika kwetu imeandikwa kwa Kiingereza. Mchezaji anayecheza peke yake husoma kimya, kwa Kiingereza, na hadithi huisha ndani yake bila kuacha neno hewani. Wawili wakicheza pamoja, kimya hicho huvunjika. Mmoja humfasiria mwenzake, humkumbusha yaliyopita, hubishana naye kuhusu uamuzi. Katika Meru na Embu, mabishano hayo yatafanyika kwa Kimeru, Kiembu, Kimbeere, Kiswahili au Sheng, na mara nyingi kwa kuchanganya. Hadithi ya kigeni inasimuliwa upya papo hapo, kwa lugha ya hapa, kwa hadhira ya hapa.

Kwa maneno mengine, uchezaji shirikishi huzalisha matini simulizi ambayo hayamo ndani ya programu. Matini hayo yanaweza kurekodiwa, kwa idhini ya wahusika, na kuchunguzwa kama tunavyochunguza ngano na malumbano ya utani. Tafsiri ya papo kwa papo, ubadilishaji msimbo, mbinu za kumshawishi mwenzako na lakabu wanazopewa wahusika wa kigeni ni maeneo yanayoweza kumpa mwanafunzi wa uzamili mada nzuri ya tasnifu.

9.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, makala yanapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, uamuzi wa kuweka uchezaji shirikishi ufanywe wakati hadithi inapotungwa, si baada ya kukamilika. Mtunzi ajiulize: je, mgogoro wa hadithi hii unatatuliwa na mtu au na watu?

Pili, mchezaji asiyetaka mwenza asiadhibiwe kwa kunyimwa mwisho wa hadithi. Ushirikiano uwe mwaliko.

Tatu, kwa mazingira yetu, ushirikiano wa mbele ya skrini moja upewe kipaumbele kuliko wa intaneti. Gharama ya intaneti na mashine huwafungia wengi nje; kibanda chenye skrini moja huwakusanya. Kuhusu hoja ya gharama iliyotajwa awali, skrini si lazima igawanywe. Hadithi inayoendeshwa kwa picha chache, maneno na zamu za kupokezana kidhibiti haihitaji mtambo mkubwa. Mbwaa inaweza kuchezwa kwa simu moja inayozungushwa miongoni mwa watu watatu, kila mmoja akisoma siri yake kabla ya kumpa mwenzake.

Nne, eneo hili sasa lina vyuo vikuu vya Chuka, Embu na Meru. Wanafunzi wa fasihi wakutane na wanafunzi wa kompyuta. Wale wa kompyuta wanajua kuunda programu. Wetu wanajua fanani, hadhira, fumbo na kibwagizo. Kila upande una ujuzi ambao mwingine hauna, kama wale mababu mbele ya majaribu ya Nguo Ntune.

10.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la uchezaji shirikishi katika michezo ya video ya kisimulizi ni swali la zamani lililovaa nguo mpya. Ni swali la iwapo hadithi ni mali ya mmoja au ya waliokusanyika. Fasihi simulizi ya Meru na Embu haitupi jibu jepesi la kwamba kila hadithi ichezwe na wengi. Inatupa kipimo: hadithi ya baraza ipewe baraza, na hadithi ya siri iachiwe siri yake.

Hata hivyo, mizani ikiinama, mwandishi angeiinamisha upande wa ushirikiano, kwa sababu moja. Michezo ya uchezaji pekee haina upungufu wa watetezi. Makampuni makubwa duniani yanaitunga kila mwaka, na itaendelea kuwepo. Lakini hadhira iliyosimama mlangoni mwa kibanda kule Nkubu au Runyenjes, inayojua kuitikia, kushauri na kukosoa, haijatungiwa hadithi. Wasipotokea watunzi wa kuijali, itaendelea kushangilia mabao, na sanaa ya kuitikia hadithi itabaki kuwa sura katika vitabu vyetu vya mitihani. Paukwa bado inasemwa. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba yupo wa kusema pakawa.